Wilma Yuko Sikio Gani

Daktari ndiye aliyeyaanzisha. Wilma Teeple alikwenda kliniki kupimwa presha, akavua sweta, na yule binti daktari akaona mabega yake yote mawili yamevilia damu, kijani juu ya zambarau. Daktari akafunga mlango. Akasogeza kiti karibu, akauliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuko salama, na kabla hajajibiwa akamtilia mkononi kikaratasi chenye namba ya simu ya kusaidia kina mama wanaopigwa na waume zao.

Wilma akasema ni kweli mume wangu ananipiga mateke, lakini ni kwa ajili ya gari. Ukishasema hivyo mbele ya daktari umejimaliza mwenyewe. Ilibidi aeleze mpaka mate yakamkauka, na alipotoka pale binti wa watu bado alikuwa anamtazama kwa huruma, kama anamwona anarudi kwenye moto.

Ukweli ni kwamba Wilma hakusema uongo hata kidogo. Mumewe, Garnet, alikuwa na gari la deraya liitwalo Fereti, gari dogo la vita la magurudumu manne, zee kupita wengi wa majirani zake, la kupelelezea adui na kukimbia. Dereva hukaa mbele, chini kabisa, magoti karibu na kidevu, akichungulia kwenye tundu lenye ukubwa wa sinia. Kamanda hukaa nyuma yake na juu yake, kichwa nje kwenye upepo, akijiona. Injini ya Fereti hupiga kelele, gia zake hulia, na chuma chote kile huitikia, hata ukipiga chafya hujisikii. Isitoshe Garnet mwenyewe nusu ya masikio yake aliyaacha kwenye mashine za kuvunia mahindi. Basi alikuwa akimwongoza mkewe kwa buti. Teke bega la kushoto, kata kushoto. Bega la kulia, kata kulia. Mabega yote mawili, simama. Kisigino utosini, rudi rivasi. Alisema ndivyo walivyofanya askari wa zamani kabla ya simu za ndani ya magari, na hilo kwake lilitosha kuwa dini.

Utauliza kwa nini asiendeshe mwenyewe. Garnet alikuwa na tumbo. Si kitambi cha kusemwa kwa adabu, tumbo hasa, tumbo la mkulima aliyestaafu na kuendelea kula kama bado anavuna. Siku aliyojaribu kuingia kwenye kiti cha dereva walimtoa kwa mafuta ya kupikia na matusi ya Kiholanzi, maana Wilma kwao ni akina Hoekstra na matusi yao ya kilimo hayana mfano. Kwa hiyo bila Wilma Fereti lilikuwa pambo la ghalani, na wote wawili walilijua hilo, ingawa mmoja tu ndiye aliyekuwa akilifikiria.

Jioni ile Wilma alikibandika kile kikaratasi cha daktari kwenye mlango wa friji, akakibana kwa sumaku yenye umbo la ng'ombe. Garnet alipokuja kutafuta maziwa akakisoma, akacheka. Wilma hakucheka.

"Teke moja tena, Garnet," alisema. "Moja tu. Fereti linauzwa. Yule bwana wa Alberta anayelitaka bado anapiga simu."

Garnet akafunga friji bila kuchukua maziwa. Alilipenda lile gari, hakuna haja ya kuzunguka. Alilipenda kwa namna ambayo mtu mzima huona haya kuisema, akilifuta vumbi kwa fulana zake mwenyewe. Na mwaka huo klabu yao ya magari ya kijeshi ilikuwa imemchagua aongoze magari yote kwenye gwaride la maonyesho ya vuli ya pale Dunmarle, kupita barabara kuu, mbele ya wilaya nzima, mbele ya shemeji zake. Alikuwa amelisubiri jambo hilo tangu aingie klabu. Sasa likaning'inia kwenye ncha ya buti lake.

Akaamua kuweka simu ya ndani ya gari. Hedifoni mbili, maiki mbili, waya, basi. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo na kwenda kulala. Lakini Garnet alikuwa na ugonjwa mwingine, ugonjwa wa redio, na alipofungua kabati ya karakana kutafuta waya redio zake zikamtazama kwa macho ya yatima.

Kulikuwa na redio ya kijeshi iliyokuja na gari, kubwa kama sanduku la safari, nzito kama kondoo jike, ambayo katika wilaya nzima iliweza kuongea na redio moja tu, ile ya rafiki yake Clayt Ruddick, iliyokuwa pacha wa hiyo. Kulikuwa na redio ya madereva wa malori. Kulikuwa na redio ya wapenzi wa mawimbi, wale wenye leseni, ambayo Garnet na Clayt waliitumia kujulishana walichokula. Na kulikuwa na kiredio cha mkononi ambacho kamati ya gwaride ilimgawia kila kiongozi wa msafara. Garnet akasema moyoni mwake, kwa nini ziachwe nje? Ziungane zote nne na simu ya ndani, kwenye kisanduku kimoja, hedifoni moja kwa kila kichwa. Swichi moja uchague unaongea na nani. Jeshi zima ndani ya kofia.

Nisimnyime haki yake, kazi aliifanya vizuri. Redio ya jeshi ilitaka volti ishirini na nne, nyingine volti kumi na mbili, akatengeneza kifaa cha kuzipunguza. Kila redio ilitaka maiki ya aina yake, kama watoto wadekaji wanaogombea sahani, akazipatanisha. Dainamo ya gari ilikuwa inapenya kwenye hedifoni na kulia kama mbu, siku mbili hakulala vizuri kwa sababu ya mbu yule, mpaka akakusanya waya zote za ethi, zile za kushikiza kwenye bodi ya gari, akazipeleka kwenye bolti moja, na mbu akafa. Pasi ya lehemu ilimuunguza vidole, akavinyonya, akaendelea. Wilma akimletea chakula karakana alimkuta amelala chali chini ya kiti cha kamanda, miguu nje, akizungumza na nati.

Kisanduku chenyewe akakifunga kwa bolti chini ya kiti chake, kikatokeza mbele upande wa dereva, kando ya mkono wa rivasi. Fereti lina jambo moja ambalo magari mengine hayana: ule mkono ukiuvuta, gia zote tano za kwenda mbele zinakuwa gia tano za kwenda nyuma. Linarudi kinyumenyume kwa kasi ileile. Waliolibuni walimjua askari.

Wilma alipoingia kujaribu alikiona kisanduku mara moja. Akasema kimeukaribia mno mkono wangu wa rivasi. Garnet akamwambia usijali, nimepima, na alikuwa amepima kweli, kwa tepu, mkono ukiwa umekaa mbele. Mkono ukiwa nyuma hakupima. Gari lilikuwa limeingia karakana kinyumenyume kabla ya kazi kuanza na lingetoka kwa kwenda mbele, kwa hiyo hakuna aliyeushika.

Wakavaa hedifoni. Garnet akamweleza mpangilio kwa fahari, maana kuungana kwa sauti nyingi kunahitaji sheria, zisipigane. Redio ya jeshi na ya malori zinaingia sikio la kushoto. Redio ya Clayt na ya gwaride zinaingia sikio la kulia. Wilma akasikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi niko sikio gani?" akauliza.

"Wewe uko masikio yote mawili, Wil," Garnet akasema. "Mradi hakuna mtu anayeongea."

Maana yake ilikuwa hivi: redio yoyote ikifungua mdomo, simu ya ndani inakatika, mpaka redio inyamaze. Garnet alisema ndio utaratibu wa kijeshi, habari ya nje hutangulia soga za ndani. Alipenda sana kusema sisi jeshini. Alikuwa mgambo majira mawili ya kiangazi alipokuwa kijana, akamenya viazi yote mawili.

Wilma akageuka kumtazama kwenye uwazi wa nyuma ya kiti chake. Kisha akasema sawa. Wanaume waliooa siku nyingi wangepaswa kufundishwa kuliogopa neno hilo. Wakafanya majaribio, asubuhi ya katikati ya wiki, hewani kimya, malori yakiwa mbali, Clayt akiwa kwa daktari wa meno. Sauti zao zikasikika safi kama maji. Garnet akamwambia kushoto, akakata kushoto. Akamwambia simama, akasimama. Hakuna teke lililopigwa. Garnet alifurahi hadi akamnunulia donati.

Siku ya gwaride mbingu ilikuwa ya buluu na baridi ya kuumiza pua. Watu walikuwa wamepanga viti vya kukunja kando ya barabara kuu tangu asubuhi, blanketi magotini, kahawa mikononi, watoto wakiwa tayari na mifuko ya peremende. Mbele ya Fereti kulikuwa na trekta la Elgin Sprague likivuta trela refu la maboga, na juu ya maboga malkia wa maonyesho na wasaidizi wake wakitetemeka ndani ya magauni. Nyuma ya Fereti klabu nzima: jipu, malori, gari la wagonjwa la kijeshi, na Clayt mkiani kabisa na lori lake la jiko. Garnet amejisimamisha juu, kofia ya chuma, miwani ya vumbi, hedifoni, maiki mdomoni na antena nne zikipepea mgongoni kwake. Alikuwa na raha, jamani. Alikuwa na raha ambayo ni dhambi kumwonea mtu wivu.

Na hewa siku hiyo haikuwa kimya. Malori yaliyozuiwa na gwaride yalikuwa yanatukana sikio la kushoto. Clayt alikuwa amepata soseji ya nguruwe mwitu kwenye kibanda cha wazima moto na anaieleza kwa kina sikio la kulia. Darlene Mabee, msimamizi wa gwaride, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa anawapanga watu wazima kama darasa la pili. Garnet aliwajibu wote. Alikuwa anabonyeza swichi zake kama mpiga kinanda wa kanisa. Katikati ya hayo sauti ya Wilma ilikuwa inachomoza mara mojamoja, neno moja, maneno mawili, na kukatika. Garnet aliisikia. Aliisikia kama mtu anavyosikia mlango ukibamizwa nyumba ya jirani.

Walipofika kona ya ghala la nafaka trela la Elgin likakwama. Lilikuwa refu mno kwa ile kona. Darlene akaamuru kwenye redio kwamba Fereti lirudi nyuma kidogo, trela lipate nafasi ya kupiga mkia. Garnet akawasogeza wa nyuma, akamwambia Wilma rudi, bahati nzuri kukiwa kimya kidogo. Wilma akauvuta mkono wa rivasi. Uligoma. Akauvuta kwa mikono miwili, ukaruka kisanduku kwa kishindo ukaingia, Fereti likarudi, trela likajipinda, maboga mawili yakaanguka, malkia akabaki. Watu wakapiga makofi.

"Haya, songeni mbele," Darlene akasema sikioni.

Fereti halikusonga.

"Garnet, mkono um..." Wilma akaanza.

"...na haradali yake ni ya punje, si ile ya kupaka tu," Clayt akasema.

"Subiri kidogo, Wil, niko hewani," akasema Garnet.

Wilma akasubiri. Akaanza tena, Garnet, hiki kisanduku, na dereva mmoja wa lori akauliza Mungu amekosewa nini hadi aumbe mji huu. Garnet akamwambia Wilma subiri. Akaanza mara ya tatu, na safari hii ni Darlene aliyemkata, akitaka kujua kama kiongozi wa magari ya kijeshi amelala. Garnet akamjibu Darlene kwa heshima zote kwamba kuna hitilafu ndogo na dereva wake anashughulikiwa. Kisha akageuza swichi akasema kwa ukali wa mtu anayetazamwa, "Wilma, nimesema subiri."

Hedifoni zikafa. Zote, masikio yote mawili, malori, soseji, Darlene. Injini nayo ikazimika. Garnet akadhani fyuzi imeungua. Akainama kutazama, na kutoka kwenye tundu la dereva ukajitokeza mkono wa mkewe, polepole, umeshika plagi kubwa ya kisanduku chake, waya zikining'inia zimenyofoka, kama mtu anayemtoa panya nje kwa kumshika mkia. Mkono ukaiweka plagi juu ya deraya. Ukarudi ndani.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha ajabu. Ilisikika bendera ya ghala ikipiga mlingoti. Alisikika mtoto akiuliza kama babu amekufa.

"Nimekwambia mara tatu," sauti ya Wilma ikatoka chini, bila waya, bila kukatika. "Mkono umerukia nyuma ya kisanduku chako na hautoki. Hatuna gia ya mbele."

"Sikusikia, Wil."

"Najua hukusikia. Ulinipanga wa mwisho. Uliketi karakana kwako na pasi yako ya lehemu, ukafikiria vizuri, ukanipanga nyuma ya soseji."

Garnet alitaka kusema sisi jeshini, na kwa mara ya kwanza maishani mwake neno hilo lilimkwama. Aliona aibu. Si aibu ya watu, hao walikuwa wamejaa pande zote na angewazoea. Ilikuwa aibu ya kukumbuka mkono wake mwenyewe ukichagua waya upi ukate upi, tena kwa furaha, akipiga mluzi.

Akatazama chini ya kiti. Kisanduku alikuwa amekifunga kwa bolti kutokea chini, na kukifikia ni kung'oa kiti, na kukitoa kiti ni kazi ya kutwa. Alijua kwa sababu ndiye aliyekifunga. Wakati huo Darlene alikuwa amefika kwa miguu, fulana ya njano, filimbi shingoni. Akasema kuna njia mbili tu, Bwana Teeple, ama gari hili linaondoka sasa hivi ama Elgin anafungua trela na kulivuta kwa trekta. Elgin, ambaye ni shemeji yake Garnet, mume wa dada yake, alikuwa ameshasimama juu ya trekta lake akitabasamu mpaka magego yakaonekana. Hilo lingezungumzwa kila Krismasi mpaka kiama.

Wilma akatoa kichwa kwenye tundu lake, uso mwekundu, nywele zimesimama.

"Gia za nyuma ninazo tano," akasema. "Nitazungukia uwanja wa ghala kinyumenyume, nigeuze mkia uelekee mbele, tuende hivyohivyo. Ila mimi nyuma sioni kitu. Wewe ndiye macho."

Garnet akaitazama plagi iliyonyofoka. Akawatazama watu. Injini ikiwaka hata akipiga kelele za nguruwe wa kuchinjwa Wilma hatamsikia. Ilibaki njia moja, ile ya zamani, na Garnet aliyekuwa hajawahi kukataa kutoa amri akakataa.

"Siwezi, Wil," akasema. "Tulikubaliana. Nikikupiga teke hata moja, gari linauzwa. Acha Elgin avute."

Na alimaanisha. Alikuwa tayari kuvutwa na Elgin Sprague, mbele ya maboga, kuliko kuliweka buti lake kwenye lile bega. Wilma alilisikia hilo. Akamtazama mumewe pale juu, kofia ya chuma imemkaa upande, antena zake nne hazina kazi, na kitu fulani usoni pake kikalegea.

"Vua viatu," akasema.

Basi mbele ya wilaya nzima Garnet Teeple, kiongozi wa magari ya kijeshi, akaketi ukingoni mwa Fereti akafungua kamba za buti zake. Akazivua moja moja. Soksi zake zilikuwa za sufi ya kijivu, na ya kulia ilikuwa na tundu ambalo kidole gumba kilikuwa kimetoka chote kuja kuona maonyesho. Vicheko vikazagaa. Akaishusha miguu ndani, akaiweka mabegani kwa mkewe taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Bega linaloguswa ndiko mkia unakokwenda. Mabega yote mawili ni simama. Wilma akawasha.

Wakazunguka uwanja wa ghala kinyumenyume, wakatoka mkia mbele, wakaingia barabara kuu. Garnet shingo ameipinda kutazama aendako, vidole vya miguu vikisema na mabega ya Wilma: kidogo kulia, tosha, nyoosha, kidogo kushoto, kuna mtoto anaokota peremende, simama, haya. Hakuwahi kutoa amri kwa upole kiasi hicho, na ilishangaza jinsi zilivyoeleweka. Aligundua pia kwamba mabega nayo yanajibu. Lile la kushoto lilijikaza kabla ya kona, likimwambia sina uhakika, naye akasubiri mpaka lilegee. Miaka yote ile ya mateke hakuwa amejua kwamba yanasema kitu.

Waliokuwa kando ya barabara walidhani imepangwa. Wazee wa chama cha maveterani walisimama wakapiga saluti kwenye matako ya Fereti. Mwenyekiti wa maonyesho akatangaza kwa kipaza sauti kwamba hiyo ni heshima ya kinyumenyume, desturi ya kale ya kijeshi, na hadi leo hakuna aliyethubutu kumuuliza ameitoa wapi. Clayt, kule mkiani, aliita redioni mpaka akachoka, kisha akala soseji ya pili.

Kwenye uwanja wa maonyesho, injini ilipozimwa, Garnet alibaki juu na soksi zake. Akauliza kama miguso ile inahesabiwa. Wilma alikuwa anajipapasa mabega kutafuta panapouma asipaone.

"Teke ni teke, mguso ni mguso," akasema. "Lakini hicho kisanduku chako kinatoka kesho, na kikirudi kinarudi kwa mpangilio wangu."

Kilitoka. Garnet aling'oa kiti, akakihamishia kisanduku upande wake ambako kingegusana na tumbo lake tu, akaujaribu mkono wa rivasi mbele na nyuma mpaka akatosheka. Kisha akakaa na pasi ya lehemu mbele ya zile waya, na safari hii hakupiga mluzi. Redio nne akaziacha. Wilma hakutaka zitolewe, soseji za Clayt zilikuwa zinamchekesha. Alitaka kitufe. Garnet akakitengeneza, chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa, karibu na goti la kushoto la Wilma. Ukikibonyeza kila redio inanyamaza, na maiki ya kamanda pia. Anasikika dereva peke yake. Kuikata maiki yake mwenyewe kulimchukua muda mrefu kuliko kazi yote iliyobaki, ingawa ulikuwa waya mmoja mfupi.

Jumapili iliyofuata wakalitoa Fereti kwenye barabara za mashambani. Mahindi yalikuwa yamekauka pande zote mbili, mengine yameshavunwa, bata bukini wakipita juu kwa kelele. Malori yalikuwa yakinung'unika sikio la kushoto. Sikio la kulia Clayt alikuwa na supu ya maharage na ilikuwa na matatizo. Garnet alikuwa anafungua mdomo kumshauri kuhusu chumvi pale Wilma alipobonyeza kitufe.

Kila kitu kikanyamaza. Garnet akakaa sawa, akasikiliza. Alijua sasa ndipo linakuja, lile lalamiko la miaka yote, na alikuwa amejiandaa kulisikia mpaka mwisho bila kulikata, hata lingekuwa refu namna gani. Akasubiri. Wakapita njia panda. Wakapita shamba la Elgin. Hedifoni zilikuwa wazi, alisikia mkewe akipumua, akasikia akimeza mate, na hakuna neno lililokuja.

Wakapita njia panda nyingine ndipo alipotambua kwamba hakuna. Wilma hakuwa na la kusema. Alikuwa anataka tu wanyamaze, na alikuwa amekishikilia kwa kidole kile kitufe akitazama mbele kupitia lile tundu lake la sinia, akiendesha. Garnet akataka kumwambia samahani, lakini maiki yake haikuwa na kazi, alikuwa ameikata mwenyewe.

Akainama, tumbo likamzuia, akainama tena, akafungua kamba za buti, akazivua. Akaishusha miguu, akaiweka. Bega la kushoto likajikaza kidogo, halafu likalegea chini ya unyayo wake. Siku hiyo alikuwa amevaa soksi mpya.